Ajira Katika Data Kubwa: Nafasi Zilizopo Chini ya Mlima Meru

Kati ya Septemba 2020 na Februari 2021, watu wenye simu janja walizunguka kwenye mabanda ya kuku ya mikoa ya Arusha na Kilimanjaro wakipiga picha kinyesi. Banda kwa banda, picha zikafika 6,812. Kazi hiyo ilikuwa ya watafiti wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru, akiwamo Dina Machuve, na lengo lake lilieleweka vizuri kwa mfugaji yeyote: kuifundisha kompyuta itambue ugonjwa wa kuku kwa kutazama picha tu, kabla banda zima halijateketea.

Kila picha iliwekwa kwenye kundi moja kati ya manne: kuku mzima, koksidiosi, salmonela au kideri. Picha nyingine 1,255 zilitoka kwenye sampuli zilizopimwa maabara, ili kuwe na uhakika kwamba kinachoitwa koksidiosi ni koksidiosi kweli. Baada ya hapo zikajaribiwa programu tano za akili mnemba, na mbili kati yake zikatambua kwa usahihi unaozidi asilimia 98. Watafiti walipendekeza ile iliyo nyepesi zaidi, kwa sababu mfugaji hana kompyuta kubwa. Ana simu ya kawaida.

Tuhesabu waliohitajika katika kazi hiyo moja. Alihitajika mtu wa kuzungumza na wafugaji na kukubaliwa kuingia bandani. Alihitajika mtaalamu wa mifugo wa kusema picha hii ni ya ugonjwa gani, na fundi sanifu wa maabara wa kuthibitisha. Alihitajika mtu wa kutengeneza dodoso la kwenye simu kwa programu ya ODK, ile ile wanayoijua wadodosaji wengi wa Tanzania. Alihitajika mtu wa kupanga maelfu ya picha zisichanganyike, na mwisho ndipo akahitajika mwandishi wa programu. Kijana anayesikia "data kubwa" humfikiria huyu wa mwisho peke yake, akaona kwamba milango imefungwa kwa kuwa yeye alisoma kilimo, uuguzi au Kiswahili. Hilo ni kosa, na kijitabu hiki kimeandikwa kulisahihisha.

Data kubwa ni ipi

Data huitwa kubwa pale inapozidi uwezo wa mtu mmoja na jedwali lake la Excel. Huenda ni nyingi mno, inaingia kwa kasi mno, au imechanganyika mno: maandishi, picha, sauti, mahali, saa. Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, kila muamala wa simu unaacha kumbukumbu ya kiasi, saa na mahali. Mtu akilipia umeme kwa namba ya kumbukumbu, akipima malaria kwenye zahanati au akipewa risiti ya mashine dukani, anaongeza mstari mwingine kwenye kanzidata fulani.

Mistari hiyo peke yake haina faida. Lazima apatikane mtu wa kuijengea njia ya kupita na mahali pa kukaa: huyo ni mhandisi wa data. Mwingine huiuliza maswali na kuieleza kwa wenye maamuzi: huyo ni mchambuzi. Wa tatu huitumia kutabiri kitakachotokea: huyo huitwa mwanasayansi wa data. Wapo pia wasimamizi wa kanzidata, wachora ramani za kompyuta, maofisa wa ufuatiliaji na tathmini wa miradi, na maofisa wa ulinzi wa taarifa. Katika ofisi ndogo mtu mmoja hubeba kazi tatu kati ya hizo, na anayeanza asishangae akijikuta hivyo.

Vituo vya maji 59,400

Mfano unaofaa kuliko yote kwa anayetaka kujifunza umetoka hapa hapa Tanzania. Ni orodha ya vituo vya maji vya vijijini iliyotokana na kumbukumbu za Wizara ya Maji na jukwaa la Taarifa, ambayo mtandao wa mashindano wa DrivenData uliiweka wazi kwa yeyote duniani. Sehemu yake ya kujifunzia ina vituo 59,400. Vilivyokuwa vikifanya kazi ni 32,259. Vilivyohitaji matengenezo ni 4,317. Vilivyokufa kabisa ni 22,824. Anayeshindana hupewa maelezo ya kila kituo, yaani aina ya pampu, mwaka wa ujenzi, aliyefadhili, aliyejenga, namna watu wanavyolipia na ubora wa maji, kisha anatakiwa kutabiri kituo kipi kimekufa.

Wanafunzi wa Ulaya, Asia na Marekani wamejifunzia ufundi wao kwenye pampu za vijiji vya Tanzania. Mtoto wa Usa River anaweza kufanya hivyo pia, tena akiwa na kitu ambacho wao hawana.

Tuitazame orodha yenyewe kwa karibu. Kwenye safu ya mwaka wa ujenzi, zaidi ya vituo 20,000 vimeandikwa sifuri. Hakuna kisima kilichochimbwa mwaka sifuri. Maana yake ni kwamba mwandikaji hakujua. Zaidi ya vituo 1,800 vina longitudo ya sifuri, jambo ambalo lingevipeleka nje kabisa ya Tanzania. Kwenye safu ya aliyejenga, serikali imeandikwa kwa namna kadhaa, mara jina zima, mara limekatwa katikati. Kompyuta huyahesabu hayo kuwa ni wajenzi tofauti.

Kazi ya kusafisha mambo kama hayo ndiyo inayokula sehemu kubwa ya muda wa mtu wa data, kila mahali duniani. Haina sifa na haitangazwi kwenye matangazo ya kozi. Lakini ndiyo inayomtofautisha anayelipwa na anayejisifu. Sasa, aliyekulia nje akikuta neno KKKT kwenye safu ya mjenzi atalipita kama herufi nne zisizo na maana. Aliyekulia Meru anajua ni Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na anajua kwamba kisima cha kanisa kina utaratibu wake wa kutunzwa. Vivyo hivyo kwenye safu ya ubora wa maji, ambako baadhi ya vituo vimeandikwa kuwa na floraidi na vingine kwamba vimeachwa kwa sababu hiyo hiyo. Mtu wa Arusha hahitaji kuelezwa. Ameyaona meno ya kahawia ya majirani zake. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi kwa lita ya maji ya kunywa, na vyanzo vingi vinavyotoka kwenye miamba ya volkano ya Meru huvuka kiwango hicho.

Hapa ndipo ilipo hoja kuu ya kijitabu hiki: ujuzi wa kompyuta unafundishika, tena siku hizi mwingi unapatikana bure, lakini ujuzi wa mahali na wa kazi ni mtaji ambao kijana wa hapa tayari anao nusu yake. Mamlaka za maji zinahitaji watu wa kuunganisha vipimo vya floraidi, usomaji wa mita na kumbukumbu za mabomba yanayopasuka. Fundi wa maji aliyejifunza kuchambua data atamzidi kwa mbali mchambuzi asiyejua koki kuu iko wapi.

Nyumbu na kamera

Arusha ni makao makuu ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na ya TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Kwa hiyo data ya wanyama, ingawa hukusanywa porini, maamuzi yake mengi hupitia mjini.

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walianza kufunga kamera 225 ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Kamera hizo hupiga picha zenyewe mnyama anapopita. Picha zikawa nyingi mno kwa watafiti, wakaomba msaada wa watu wa kujitolea kupitia intaneti, na maelfu ya watu duniani wakakaa majumbani mwao wakitaja: huyu swala, huyu fisi, hapa hakuna kitu, ni jani limetikiswa na upepo.

Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliotumia picha milioni 3.2 za Serengeti kuifundisha kompyuta kutambua aina 48 za wanyama. Kompyuta iliweza kushika asilimia 99.3 ya picha kwa usahihi wa asilimia 96.6, sawa na ule wa watu wa kujitolea. Muda uliookolewa ulikadiriwa kuzidi miaka minane ya mtu mmoja anayefanya kazi saa 40 kwa wiki. Njia za namna hiyo zimejaribiwa pia katika kuhesabu nyumbu kwa picha zinazopigwa kutoka kwenye ndege, na watafiti wa TAWIRI wakiwa miongoni mwa waandishi.

Msomaji atauliza: kama mashine inafanya kazi ya miaka minane, ajira iko wapi? Swali ni la haki. Kazi ya kutazama picha moja moja inapungua, na hakuna faida kuificha. Inayobaki, na inayoongezeka, ni ya kujua mashine imekosea wapi: wanyama adimu wenye picha chache, picha za usiku, mnyama aliyeonekana mkia tu. Hata kwenye data ya kuku jambo hili lipo wazi. Koksidiosi ilikuwa na picha 2,103 na salmonela 2,276, lakini kideri, ugonjwa unaofagia kuku wa kienyeji vijijini, ulikuwa na picha 376 tu. Mashine inayojifunza kwa mifano michache hivyo inahitaji mtu mwenye jicho la kuisimamia, na anayejua ni banda gani la kwenda kutafuta mifano zaidi.

Utalii nao una njaa ya wachambuzi. Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa 1,808,205 mwaka 2023, na sehemu kubwa ya wanaokwenda hifadhi za kaskazini hupitia Arusha. Kampuni nyingi za safari za mjini bado zinapanga magari, madereva na vyumba kwa kubahatisha. Kijana anayeweza kuchukua kumbukumbu za miaka mitano za kampuni moja akaonyesha wiki zipi wageni wa nchi gani hujaa, na wepi huahirisha, ameshajitengenezea kazi bila kusubiri tangazo.

Serikali, hospitali, mashirika

Sensa ya Agosti 2022 ilikuwa ya kwanza nchini kufanywa kwa vishikwambi. Ilihesabu watu 61,741,120, na mkoa wa Arusha peke yake watu 2,356,255. Makarani walioshika vishikwambi hivyo walikuwa ndani ya mradi mkubwa wa data, ingawa wengi wao hawakuuita hivyo. Baadhi waliendelea na kazi za udodosaji, na katika miradi ya utafiti mdodosaji mzuri hupanda akawa msimamizi, kisha meneja wa data. Ni ngazi halisi, ya polepole, na haidai shahada siku ya kwanza.

Katika afya, vitabu vya MTUHA vinavyojazwa na wauguzi huishia kwenye mfumo wa DHIS2, uliosambazwa nchi nzima katika mwongo uliopita. Tarakimu moja ikikosewa kijijini, dawa huenda pasipohitajika. Muuguzi au ofisa tabibu anayeelewa takwimu ana soko kwenye halmashauri, hospitali na miradi ya afya. Mashirika mengi yanayoendesha miradi kama hiyo yana ofisi Arusha, sambamba na Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo hukusanya takwimu za biashara za nchi wanachama.

Sekta binafsi imeshaonyesha njia. Kampuni ya Off Grid Electric, baadaye Zola Electric, ilianzia Arusha mwanzoni mwa miaka ya 2010 ikiuza umeme wa jua unaolipiwa kidogo kidogo kwa simu. Biashara ya namna hiyo haiwezi kusimama bila data: nani amelipa, nani amechelewa, betri ipi inachoka.

Wenye mapenzi na lugha wasijione wametengwa. Mradi wa Common Voice wa Mozilla hukusanya sauti za Kiswahili ili mashine zitusikie, na mtandao wa Masakhane umekuwa ukijenga zana za lugha za Afrika tangu 2019. Kazi hizo zinahitaji watu wanaojua sarufi, lafudhi na matumizi, siyo hesabu pekee. Kimeru na Kimaasai bado havina data ya kutosha, na anayeweza kuianza ni mzungumzaji wake.

Sheria imefungua mlango mwingine

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Taasisi zinazokusanya taarifa za watu zinatakiwa kujisajili, kueleza zinakusanya kwa madhumuni gani, na kuteua ofisa wa ulinzi wa taarifa binafsi. Hospitali, shule, benki, hoteli: zote zina kumbukumbu za watu. Mwanasheria kijana au mtunza kumbukumbu aliyeisoma sheria hii kwa makini na kuelewa mifumo ya kompyuta ameingia kwenye uwanja ambao bado una watu wachache.

Ni vizuri pia kwa kila anayefanya kazi hizi kukumbuka kwamba nyuma ya kila mstari kuna mtu. Orodha ya wagonjwa wa zahanati ya Ngaramtoni haipaswi kukaa kwenye simu ya mchambuzi, wala kutumwa kwenye kundi la WhatsApp.

Tahadhari

Kazi za data za chini zina upande wa uchungu, na wazazi wana haki ya kuujua. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi waliochambua maandishi ya kikatili ili kuisaidia ChatGPT kujifunza walikuwa wakipata kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Kazi ya kuweka lebo kwenye picha na maandishi inaweza kuwa ngazi ya kwanza, lakini kijana aulize mapema malipo ni kiasi gani, mkataba uko wapi, na maudhui atakayotazama ni ya aina gani. Anayedaiwa "ada ya usajili" kabla ya kupewa kazi ya mtandaoni aondoke hapo hapo.

Tahadhari ya pili ni vyeti. Kozi ya wiki mbili haimfanyi mtu kuwa mwanasayansi wa data, hata cheti chake kiwe na muhuri wa dhahabu. Mwajiri anayejua kazi ataomba kuona kazi iliyofanyika.

Pa kuanzia

Msingi ni hisabati, hasa takwimu. Mwanafunzi wa kidato cha tano anayechukua PCM au EGM yuko njiani. Aliye kwenye tahasusi nyingine asilidharau somo la BAM. Baada ya hapo kuna zana chache zinazotosha kuanzia: Excel kwa ufasaha, kisha SQL ya kuulizia kanzidata, kisha Python au R. Zote zinaweza kujifunzwa kwa kompyuta ya mtumba, na zote isipokuwa Excel hazina gharama ya leseni kwa anayejifunza.

Vyuo havipo mbali. Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1978, na Chuo cha Uhasibu Arusha kilichoko Njiro vina masomo ya kompyuta na TEHAMA. Taasisi ya Nelson Mandela, iliyozinduliwa rasmi Novemba 2012, hutoa shahada za uzamili na uzamivu, kwa hiyo ni kituo cha baadaye. Anayetaka takwimu zenyewe aangalie Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika kilichoko Dar es Salaam. Vyuo hubadilisha programu mara kwa mara, hivyo ni vyema kuhakikisha kwenye kitabu cha udahili cha mwaka husika kabla ya kulipa ada ya maombi.

Asiye na nafasi ya chuo aanze na mashindano ya Zindi, jukwaa la Kiafrika lililoanzishwa mwaka 2018, ambalo limewahi kushindanisha watu kutabiri matumizi ya watalii wanaokuja Tanzania. Halafu achague tatizo moja la karibu naye: bei za ndizi na maharage sokoni Tengeru kwa miezi sita, mahudhurio ya shule ya kata, au foleni ya daladala za Kijenge. Akusanye kwa idhini ya wahusika, asafishe, achore, aandike kurasa mbili za alichokigundua. Kurasa hizo ndizo atakazobeba kwenda kuomba nafasi ya kujitolea halmashauri, hospitalini au kwenye kampuni ya safari. Nafasi za serikali za watakwimu na maofisa TEHAMA hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira kwenye tovuti yake ya maombi. Fungua akaunti huko sasa, jaza taarifa zako kikamilifu, na usimlipe mtu yeyote anayedai atakusaidia kupita.